Usaili wa algoriti unapima nini hasa?

Swali ambalo karibu kila anayejiandaa kwa usaili wa algoriti, yaani hatua za kompyuta za kutatua tatizo, huko Google au Meta, kampuni ya Facebook, hukutana nalo mwanzoni ni hili: umepewa orodha ya namba na jumla fulani, tafuta namba mbili zinazotoa jumla hiyo. Njia inayomjia mtu haraka ni kulinganisha kila namba na nyingine zote. Orodha ikiwa na namba 10,000, jozi za kukagua zinakaribia milioni 50. Njia ya pili ni kuipitia orodha mara moja tu, na kila ukifika kwenye namba unaangalia katika jedwali la hashi, daftari la kompyuta linalotoa jibu papo hapo, kama mwenzake umeshampita. Hatua 10,000, kazi imekwisha, kwa gharama ya kumbukumbu kidogo ya ziada. Aliyeelewa kwa nini mabadilishano hayo yanalipa ameelewa jambo la kweli kuhusu kompyuta. Litamfaa siku mfumo wa malipo utakapoanza kusuasua kwa sababu mtu aliweka kitanzi, yaani hatua zinazorudiwa tena na tena, ndani ya kitanzi kingine na wateja wakaongezeka.

Naanza hapo kwa sababu wapinzani wengi wa usaili huu husema ni mafumbo matupu yasiyohusiana na kazi. Mafumbo matupu yalikuwepo kweli. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza masuala ya rasilimali watu Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba yale maswali ya kukisia idadi ya vitu vya ajabu yalikuwa kupoteza muda na hayakutabiri chochote. Hayo yaliachwa. Maswali ya miundo ya data, yaani namna za kupanga taarifa, na ya algoriti yakabaki, na yana mizizi katika somo lilelile ambalo mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hulisoma chuoni.

Shida iko kwenye kasi. Raundi moja huwa dakika 45 hivi, na Meta imezoeleka kuuliza maswali mawili ndani ya muda huo. Mara nyingi huruhusiwi kuiendesha programu uone kama inafanya kazi. Unaandika, unaeleza unachofikiri, na mtu anakutazama. Katika mazingira hayo, anayemaliza swali gumu kwa dakika 20 kwa kawaida ni yule aliyeshakutana na maswali yanayofanana nalo. Ndiyo maana tovuti ya mazoezi ya LeetCode ina maelfu ya maswali, na ndiyo maana orodha ya maswali 75 inayoitwa Blind 75 imezunguka duniani. Kwa maoni yangu, usaili huu unapima maandalizi kuliko unavyopima kipaji au uzoefu. Hoja nzuri za kuutetea na hoja nzuri za kuulaumu zote zinatoka kwenye ukweli huo mmoja.

Tuanze na utetezi, ambao nadhani hausikilizwi vya kutosha huku kwetu. Maandalizi ni kitu ambacho kijana wa Mwanza au Kisumu anaweza kukipata. Jina la chuo hawezi kulibadilisha. Barua ya mtu anayefahamiana na meneja kule California hawezi kuiokota. Lakini maelezo ya namna ya kupita kwenye grafu, yaani mtandao wa vitu vilivyounganishwa, kwa upana na kwa kina ni yaleyale Nairobi na Seattle, na sehemu kubwa ya maswali ya mazoezi ni ya bure. Ukiuondoa usaili huu, kinachorudi mahali pake hakitakuwa haki. Kitakuwa ni kuangalia ulisoma wapi, ulifanya kazi kampuni gani, na nani anakujua. Kwenye mizani hizo zote tatu mhandisi wa Afrika Mashariki anaanzia chini.

Utafiti wa ajira nao unasogea upande huo. Uchambuzi wa Schmidt na Hunter wa mwaka 1998, uliojumlisha tafiti za miaka 85, ulionyesha kwamba usaili wenye mpangilio maalumu, ambapo kila mtu anaulizwa na kupimwa kwa vigezo vilevile, unatabiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko miaka ya uzoefu au ya masomo. Mwaka 2022 Sackett na wenzake walirudia hesabu na kupunguza makadirio mengi, lakini usaili wa aina hiyo ukabaki kileleni. Google yenyewe ilichunguza takwimu zake na kuona kwamba raundi nne zinatosha kufikia uamuzi kwa uhakika wa asilimia 86.

Upande wa pili unasema hivi: kama ni maandalizi, basi ni muda, na muda haujagawanywa sawa. Mwanafunzi asiye na wa kumtegemea anaweza kukaa na algoriti miezi mitatu. Mama wa watoto wawili anayetengeneza mifumo ya benki hadi jioni, kisha anapigana na foleni ya kurudi Mbagala, atasoma saa ngapi? Huyu wa pili ndiye mwenye uzoefu wa kuokoa mfumo ulioanguka usiku wa mwisho wa mwezi, na usaili hauulizi chochote kuhusu usiku ule.

Mwaka 2015 Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu ya kusakinishia programu kwenye kompyuta za Mac, aliandika Twitter kwamba Google ilimkataa kwa kushindwa swali la kugeuza ubaoni mti wa binari, mpangilio wa data ambao kila kituo huzaa matawi yasiyozidi mawili, ilhali wahandisi wake wengi walikuwa wakitumia kazi yake. Watu wamebishana juu ya kisa hicho kwa miaka. Mimi naona kinathibitisha jambo dogo tu: kampuni hizi huona afadhali kumkosa mtu mzuri kuliko kumwajiri asiyefaa, na kwa kampuni yenye foleni ndefu ya waombaji hasara hiyo inavumilika. Anayeumia ni aliyekoswa.

Linalonigusa zaidi ni lile la kutazamwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwachukua wanafunzi 48 wa kompyuta. Nusu walitatua swali ubaoni mbele ya msaili huku wakieleza mawazo yao, nusu wengine wakalitatua swali hilohilo chumbani peke yao. Matokeo ya waliotazamwa yalikuwa chini kwa zaidi ya nusu yakilinganishwa na ya wenzao. Katika kundi hilo la kutazamwa hakuna mwanamke hata mmoja aliyefaulu. Katika kundi la faragha wanawake wote walifaulu. Idadi ni ndogo na mtu asiijengee ghorofa, lakini inatosha kuuliza kama alama inayotolewa ni ya algoriti au ya ujasiri mbele ya mgeni.

Ongeza hapo lugha. Mhandisi wa Dar es Salaam hujadiliana na wenzake kwa Kiswahili chenye maneno ya kompyuta ndani yake, na huko ndiko akili yake inakokimbia. Siku ya usaili anatakiwa kufikiri kwa sauti, kwa Kiingereza, akimsikiliza mtu mwenye lafudhi ambayo huenda hajawahi kuisikia, huku akiomba umeme usikatike na bando lihimili picha ya video. Akinyamaza nusu dakika kupanga sentensi, kimya chake kinaweza kuandikwa kama hajui. Watu wetu wengi huingia wakiwa wametatua mamia ya maswali kimyakimya na hawajafanya mazoezi ya kulieleza hata moja kwa mdomo.

Kwa hiyo ninapoulizwa na vijana kama wajiandae, jibu langu ni ndiyo, ila kwa mpaka. Mada zinazojirudia si nyingi: orodha na jedwali la hashi, kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, miti, grafu, na funksheni inayojiita yenyewe. Zile mbinu za kuvunja tatizo na kuhifadhi majibu ya vipande vyake zije mwisho, maana hula muda mwingi. Swali moja ulilolitatua, ukalirudia baada ya wiki bila kuchungulia, lina faida kuliko kumi uliyosoma majibu yake. Na kila swali lisemwe kwa sauti, kwa Kiingereza, mbele ya mwenzako: uliza mipaka ya data, taja kwanza njia ya polepole, sema inagharimu nini, ndipo uiboreshe, kisha ipitishe kwa mkono kwenye mfano mdogo. Wakati huohuo usiitelekeze miradi yako. Kampuni za hapa nyumbani zitakuuliza umejenga nini, na wewe unahitaji ajira hata barua ya Google isipokuja.

Mambo yanabadilika pia. Tangu 2020 usaili wa video ulifungua njia kwa watu wasioweza kusafiri. Sasa akili mnemba inaweza kumnong'oneza msailiwa jibu zima, na mwaka 2025 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema Google inarudisha walau raundi moja ya usaili wa ana kwa ana. Naelewa sababu yao. Lakini kwa anayeomba kazi Dublin akiwa Arusha, raundi hiyo ni viza, nauli na siku za likizo. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Ikiwa lazima watu waonane uso kwa uso, ofisi hizo zitumike kuwasaili waombaji wa ukanda huu hata kwa nafasi za nje. Meta kwa upande wake imejaribu raundi ambayo msailiwa anaruhusiwa kutumia akili mnemba, na hapo kipimo kinahamia kwenye kusoma na kusahihisha msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa na mwingine. Hiyo inakaribia zaidi kazi yenyewe.

Lipo jambo moja ambalo kampuni zingeweza kulifanya bila gharama: dakika kumi za kwanza msailiwa aachwe na swali peke yake, kamera imezimwa, kisha msaili aingie na mazungumzo yaanze. Hadi hapo litakapokubaliwa, muulize afisa ajira mapema mada za kila raundi na utaratibu wa kupanga upya usaili umeme ukikatika. Muulize pia muda wa kusubiri ukikataliwa. Mara nyingi ni miezi 6 hadi 12, na kuomba tena kunaruhusiwa.