Kima wa Jozani si wa kulishwa ndizi

Kila wikiendi ni yale yale. Mtu anakodi vespa Mjini, anapita Tunguu na Bungi, akifika msitu wa Jozani hapa Unguja anasimama katikati ya barabara na ndizi mbivu mkononi, anamwita kima punju ashuke. Jamani, mbona hivyo?

Yule mnyama asili yake ni Unguja tu, duniani kote hana kwao kwengine (wa Ngezi kule Pemba walipelekwa). Chakula chake ni majani machanga na matunda mabichi, na tumbo lake linachachusha majani kama la ng'ombe. Ndizi mbivu na biskuti zinamdhuru. Kima wenyewe wakila majani ya miti ya mikungu mashambani hutafuna na makaa ili yapunguze sumu.

Kinachoniudhi zaidi ni kumzowesha barabara. Matuta yale yamewekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa na magari. Sasa wewe unamshusha mtini, mtoto kamng'ang'ania kifuani, unampiga picha, unatia moto vespa unakwenda zako Paje. Nyuma yako inakuja gari ya Makunduchi, naye bado kakaa kwenye lami anasubiri biskuti nyengine.

Lipeni kiingilio, ingieni na muongozaji, simameni mbali naye. Chakula chenu kibaki ndani ya mkoba. Na nyinyi wenye kukodisha vespa, mwambieni mgeni habari hizi kabla hamjampa ufunguo.