Kufanywa wana, kwa aliyeumizwa na baba

Mhubiri akitamka "Mungu ni Baba yako", wapo wanaofarijika na wapo wanaojikunyata. Hawa wa pili si wakaidi wa imani. Kwao baba ni kipigo, au kiti kilichobaki kitupu miaka yote. Wanaoikataa lugha hii wana hoja nzito: mbona majeruhi anapewa dawa yenye jina la kilichomjeruhi?

Jibu tulilozoea ni kwamba Mungu hafanani na baba wa duniani. Ni kweli, ila ni jepesi mno kwa mtu anayevuja damu.

Paulo anakwenda mbali zaidi. Katika barua zake kwa Warumi, Wagalatia na Waefeso anasema waamini wamefanywa wana, yaani wameasiliwa. Wakosoaji wanatukumbusha kwamba kwa Warumi wa kale kuasili kulihusu urithi na jina la ukoo kuliko upendo. Mwaka 4 BK Kaisari Augusto alimwasili Tiberio, mtu mzima aliyepita miaka 40, kwa sababu alihitaji mrithi. Kwa hiyo, wanasema, tusilivike neno hilo joto letu la leo.

Hoja hiyo naikubali, na hapo hapo ndipo napata faraja. Aliyeumizwa nyumbani anajua vizuri jinsi upendo unaofuata hali ya moyo unavyogeuka kufikia jioni. Aliyeasiliwa alikuwa na nafasi iliyowekwa na sheria, si na jinsi baba alivyoamka. Tena neno la Kigiriki analotumia Paulo linataja mwana wa kiume. Kiswahili chetu kinalificha hilo kwa neno "wana". Katika Wagalatia, Paulo anawapa nafasi hiyo ya mrithi mtumwa na mwanamke pia. Kwa masikio ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hata hivyo, haki ya urithi haifuti kumbukumbu za mwili, na sioni vema kumlazimisha mtu aseme "Baba" ili tumhesabu kuwa amepona. Warumi 8:15 inasema tumekwisha kupokea roho ya kufanywa wana, nasi twalia "Aba", yaani Baba. Mistari minane mbele, Paulo anasema tunaugua tukikungojea kufanywa wana. Anasema "tunaugua", naye akiwemo. Aliyeshindwa kulia "Aba" anaweza kukaa miaka mingi katika mstari wa 23, na bado yumo katika sura ile ile.