Fundi, nipime nikiwa nimekaa

Ubishi kuhusu urefu wa sketi hapa Tanzania ni mkongwe kuliko wengi wanaoubishania. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969, marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Tarehe haijafika, tayari vijana wa kiume pale Kariakoo walikuwa wakiwavamia wanawake, wengine wakishushwa kwenye mabasi. Malawi ya Kamuzu Banda ikaja na sheria yake 1973, goti likiwa ndiyo mpaka. Na Nairobi, Novemba 2014, wanawake waliingia barabarani baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, eti kavaa vibaya.

Ukatili wake sina haja ya kuujadili. Mimi nashangaa zaidi hilo goti. Nani alisema goti linakaa mahali pamoja?

Chukua sketi ya penseli, ile inayosifiwa maofisini kwa heshima. Ukisimama inafunika goti vizuri kabisa. Panda nayo bodaboda uone: imeshapanda hadi katikati ya paja, mkono mmoja unaivuta, mwingine umeshika mkoba. Dera nalo, linaloburuza chini na kusifiwa na kila shangazi, likinasa kwenye mnyororo wa pikipiki ni balaa jingine. Wakati huohuo sketi ya marinda inayoishia chini kidogo ya goti inaruka mtaro, inapanda daladala, inakaa, na hakuna anayeitazama mara mbili.

Kwa hiyo kwa fundi sisemi tena "nataka ndefu" au "nataka fupi". Namwomba anipime nimesimama, kisha nimekaa kwenye kigoda chake, futi ikianzia kiunoni. Tofauti utaiona mwenyewe. Kama kuna mpasuo, juu yake apige mshono mara mbili, maana hapo ndipo panapochanika.

Halafu pindo. Mafundi wengi wanapinda nusu inchi, kitambaa kilichobaki kinaishia kwenye kapu la vipande. Mimi nadai inchi 2, kwa sababu kitenge cha pamba hurudi kikifuliwa, na pindo pana linashushwa. Akilalamika kwamba nguo itakuwa nzito chini, mwambie ndicho unachotaka. Upepo wa Kivukoni hauna adabu.