Mgongo na Mdomo

Kosa la kwanza lilikuwa kununua vikopo viwili vinavyofanana. Kimoja kilikuwa cha mafuta ya midomo, yale ya ubaridi yenye harufu ya mnanaa. Kingine kilikuwa cha dawa ya kuchua misuli, niliyoitafuta baada ya kusogeza kabati peke yangu, maana kumsubiri mtu aje kunisaidia nilikuona kama aibu. Vyote vya bati, vya mviringo, vifuniko vyeupe, vinaenea kiganjani. Nikaviweka kando ya kitanda, ubavu kwa ubavu, kama maharusi.

Kosa la pili lilikuwa la miaka. Sikuweza kumaliza nusu saa bila kupaka mafuta ya midomo. Kikopo mfukoni, kijiti kwenye begi, kijiti kingine kwenye gari. Kimoja kiliwahi kusahaulika kwenye suruali kikafuliwa: nta ikayeyuka kwenye maji ya moto, ikaja kuganda kwenye mashati manne. (Doa hilo halitaki sabuni ya unga. Lipake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, liache robo saa, kisha fua kwa maji ya moto kadiri nguo inavyostahimili.) Hata hivyo sikukoma.

Basi saa tisa usiku nikaamka, midomo imekauka kama ngozi ya ngoma. Mke wangu amelala, taa sikutaka kuwasha. Nikapapasa, nikashika kikopo, nikachota kwa kidole. Mdomo wa juu, mdomo wa chini, pembe zote mbili. Nikarudia mkono wa pili nisije nikapunjwa. Kisha nikafanya lile tendo la kila mpakaji: nikabana midomo na kuisugua, kushoto, kulia, dawa iingie vizuri.

Sekunde chache za mwanzo niliifurahia, sitawaficha. Nikasema moyoni, "Leo imekolea."

Mentholi, kile kiini cha ubaridi kilichomo kwenye dawa hizi, haipoozi kitu. Inaigusa tu mishipa ya fahamu inayopima baridi, nayo inapeleka taarifa kwamba kumeingia baridi. Ikiwa kidogo, unaburudika. Ikiwa ya kiwango cha kutuliza mgongo wa mbeba kabati, na imepakwa mahali penye ngozi nyembamba kuliko karibu kote usoni, taarifa inabadilika na kuwa moto. Nikaruka kitandani nikakimbilia bomba, nikajimwagia maji baridi, na moto ukapanda daraja. Mafuta hayayeyuki kwenye maji, kwa hiyo dawa haikwenda popote. Na ubaridi wa maji uliizidishia mentholi nguvu.

Mke wangu akatokea mlangoni. "Kuna nini?"

Nilitaka kusema nimepaka dawa ya mgongo. Lakini midomo ilikuwa imevimba na kufa ganzi, haigusani, na bila midomo kugusana hakuna m, hakuna p, hakuna b. Kilichotoka ni, "Nie'aka dawa ya gongo."

"Gongo?" akasema. "Saa tisa usiku, mume wangu, unakunywa gongo bafuni?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha mdomo, nikaonyesha mgongo. Akakiona kikopo. Akakaa chini kabisa, sakafuni, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi ndipo akafanya kilichotakiwa tangu mwanzo: akaidonoa dawa kwa karatasi laini kavu bila kusugua, akalowesha pamba kwa mafuta ya kupikia, akafuta kutoka nje kwenda ndani, akabadilisha pamba, akarudia mara tatu. Mafuta huondolewa kwa mafuta. Mwisho ndipo maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Akanisukutulisha na kunitemesha, kwa kuwa kafuri iliyomo kwenye dawa hizi ni sumu ikimezwa. Kwa mtoto mdogo hata kiasi kidogo kinaweza kuleta degedege. Mtoto akionja, ni hospitali, na usimtapishe.

Asubuhi nilikuwa na kikao, na mfunguzi wa kikao ni mimi. Nikasimama. "'A'i'i na 'a'wana," nikasema, nikakaa. Watu wakapiga makofi. Sijapata kutoa hotuba iliyopendwa kama ile.

Jioni nikavichukua vikopo vyote viwili nikasoma maandishi ya nyuma, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mgongo: mentholi, kafuri. Mdomo: mafuta ya mgando, nta ya nyuki, manukato, mentholi, kafuri. Nikasoma tena. Walikuwa ndugu! Mmoja alikuwa amekua, mwingine bado mdogo, na huyo mdogo nilikuwa nikimpaka kila nusu saa kwa miaka.

Hapo ndipo fumbo lote lilipofumbuka. Midomo haina tezi za jasho, na mafuta yake ya asili ni haba mno, kwa hiyo maji yake huondoka upesi. Unapaka kitu cha ubaridi, unasikia nafuu, lakini mentholi na kafuri zinaichokoza ngozi. Ngozi iliyochokozwa inavuja maji zaidi, inakauka, unapaka tena. Sio uraibu kama wa nikotini. Ni kumlipa mchomaji nyumba akuzimie moto. Mdalasini, mnanaa, ladha za machungwa na manukato hufanya hivyo hivyo kwa wengi. Asidi ya salisili huongeza kubanduka kwa ngozi. Na wapo wanaodhurika na lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, au gundi ya nyuki, hata kama kikopo kimeandikwa "asilia".

Nikahamia mafuta ya mgando matupu, yasiyo na harufu wala rangi. Hayana mvuto wowote. Robert Chesebrough, aliyeyapatia hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1872, aliyatoa kwenye uchafu ulioganda kwenye mitambo ya visima vya mafuta, ambao wafanyakazi walikuwa wakijipaka penye majeraha. Hayaleti maji, yanazuia tu yaliyopo yasitoroke. Ndiyo maana hupakwa midomo ikiwa na unyevu: unanawa, unadonoa kwa taulo, unapaka kiasi cha punje ya mchele kwa midomo yote miwili. Asubuhi, baada ya kula, baada ya mswaki, na kabla ya kulala ndipo unaongeza kidogo. Basi.

Siku nne za kwanza ni za mateso. Mkono wangu ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe kama wa mpiga bastola. Kibaya zaidi ni ulimi: ukinyimwa kikopo, unalamba. Mate yanakauka kwa dakika chache na kuondoka na unyevu, tena yana vimeng'enya vya kusagia chakula, navyo havichagui kati ya chakula na mdomo wako. Nikawa na chupa ya maji mezani. Kila hamu ya kulamba, funda moja. Nilikwenda msalani mara nyingi kuliko nilivyopaka.

Magamba nayo yanashawishi. Usiyavute kwa meno, utachana ngozi hai na damu itatoka. Kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, dakika mbili juu ya midomo, futa taratibu. Linalokataa liache mpaka kesho. Dawa ya meno nayo nikaibadilisha, nikachukua isiyo na povu jingi wala mnanaa mkali, kwa sababu salfeti inayoleta povu huwakausha baadhi ya watu midomo. Kwenye jua napaka mafuta ya midomo yenye zinki oksaidi na kinga ya jua ya SPF 30 (kipimo cha nguvu ya kinga hiyo), narudia kila saa mbili. Inaacha weupe. Mke wangu anasema nafanana na mtu aliyekatizwa akinywa maziwa.

Wiki ya tatu midomo ikatulia. Isingetulia ningekwenda kwa daktari, hasa kama pembe zingepasuka, maana huko mara nyingi ni fangasi au bakteria, au upungufu wa madini ya chuma au vitamini B. Kidonda au gamba gumu lisilopona kwenye mdomo wa chini ni la kuonyesha bila kungoja.

Kikopo cha dawa ya kuchua mke wangu akakivalisha mpira wa kufungia, mizunguko miwili, ili kitambulike gizani. Ulifanya kazi vizuri mpaka ulipokatika. Usiku uliofuata aliniomba nimchue bega lililokuwa linamsumbua. Nikamchua robo saa nzima, kwa bidii, kwa mapenzi, jasho linanitoka.

"Mume wangu," akasema, "mbona haichomi?"