Mtoto Mmoja, Mtori Ndoo Mbili

Kwetu Uchaggani mtoto wa kwanza wa kiume hana mjadala, anachukua jina la babu mzaa baba. Baba yangu anaitwa Thomas, basi na mwanangu Thomas.

Tatizo mjomba. Ni katekista mstaafu, hawezi kuona jina linapita bila kulichambua. Mke wangu yuko wodini bado, mjomba kashavamia kundi la WhatsApp la ukoo anapangua majina ya watu. Filipo? Kigiriki hicho, mpenda farasi. Nani kwenu ana farasi? Paulo ni Kilatini, maana yake mdogo, na mtoto ana kilo nne na ushee. La Klaudio, akasema limetokana na neno la Kilatini la kiwete, na shemeji aliyelipendekeza akajitoa kwenye kundi. Ndipo akatufikia sisi: "Mtoto ni Thomas. Kiaramu, yaani pacha. Someni Yohana 20:24, 'Tomaso, aitwaye Pacha'."

Sasa shangazi yangu wa Dar es Salaam husoma ujumbe kwa kuchungulia, maana miwani hukaa kwenye mkoba na mkoba hukaa chumbani. Akaona "mtoto", akaona "pacha", akapiga simu Moshi. Kufika jioni, Kibosho nzima inamshukuru Mungu kwa mapacha.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe akaingia na ndoo mbili za mtori, mzito, kijiko kinasimama chenyewe, kwa sababu anayenyonyesha wawili anakula kwa ajili ya watatu. Shali mbili, kofia mbili. Akanawa, akampakata Thomas, akamsifia pua, akanirudishia. Kisha akanyoosha mikono tena.

"Haya, na huyo mwingine."

"Mwingine yupi, mama?"

Akatazama kitanda. Akainua chandarua. Akanitazama mimi, midomo imeanza kutetemeka.

"Mkwe wangu, mnanificha nini?"

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na kucheka kulikuwa kunamuua. Akajikunja, kashika mshono, machozi yanamtoka. Mama mkwe akamkumbatia: "Lia mwanangu, lia, usijizuie." Ikawa balaa, maana akizidi kubembelezwa anazidi kucheka. Majirani waliokuwa nje wakasikia "lia", wakaingia wamejitanda khanga, mmoja tayari kashaanza wimbo wa msibani. Mimi napiga kelele kwamba ni mmoja, alikuwa mmoja tangu mwanzo! Wakatikisa vichwa: baba wa watu amechanganyikiwa.

Nikamwita baba atoke chumbani. Akasimama katikati ya sebule na fimbo yake.

"Jamani, ni maana ya jina tu. Mimi nimeitwa Thomas maisha yangu yote. Pacha wangu mmewahi kumwona?"

Kimya. Watu wakatazamana. Nikajua yamekwisha.

Bibi mmoja jirani akamsogelea taratibu, akamshika mkono. "Pole sana, mzee. Kwani naye alifariki lini?"

Ndoo ya pili ya mtori waliimaliza waliokuja kutufariji. Yule bibi aliacha shilingi elfu tano mezani. Nikamkimbilia hadi getini kumrudishia, nikamwapia kwamba mtoto wetu hakuwa na mwenzake. Akanisukuma mkono.

"Hiyo si ya mtoto. Ni ya pacha wa mzee."