Miungu wanaojibu na miungu walio kimya: sala inagharimu nini mezani?

Mwaka 1980 wachapishaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika na dadu huamua matokeo, walitoa kitabu kilichowapa miungu wa Ugiriki, Misri na Skandinavia takwimu zile zile wanazopewa mazimwi. Zeus alipewa pointi 400 za uhai, Odin naye 400. Kinachochekesha ni kwamba kitabu kilichokitangulia, cha 1976, kilitolewa makusudi ili kuwaaibisha wachezaji wenye wahusika wa ngazi 40 na zaidi: waone nguvu za miungu, wajue wamevuka mpaka. Wachezaji wakasoma namba na kuzielewa wanavyotaka. Chochote chenye pointi za uhai kinaweza kuuawa, na meza nyingi zikaenda kuua.

Tangu hapo watunzi wa dunia za kubuni wamekuwa wakijibu swali moja kwa njia mbili zinazopingana. Je, miungu wawepo kweli, wajibu sala, na kila mtu ajue wapo? Au wakae mbali, kimya, hata kuhani mkuu asiwe na uhakika? Mfano bora wa njia ya kwanza ni Glorantha, dunia ambayo Greg Stafford alianza kuiandika mwaka 1966 na ambayo tangu 1978 imechezwa zaidi kwa kanuni za RuneQuest. Mfano bora wa njia ya pili ni Eberron ya Keith Baker, iliyotoka mwaka 2004. Ubishi kati ya mashabiki wa pande hizi umezoea kukwama kwenye suala la uhalisia, nani anafanana zaidi na dini za kweli. Suala zito zaidi ni bei: mhusika akiomba, analipa nini, na anamlipa nani?

Tuanze na Glorantha. Huko miungu walitembea, wakaoa, wakaibiana na kuuana kabla Wakati haujaanza. Orlanth, mungu wa dhoruba, alimuua Yelm, mfalme wa jua, dunia ikaingia gizani, na machafuko karibu yaimalize. Ndipo Orlanth na wenzake wakashuka kuzimu kumrudisha jua. Waliosalia wakafunga Mapatano: dunia itaendelea, lakini miungu watabaki walivyokuwa, hawatafanya jambo jipya ndani ya Wakati isipokuwa kupitia wanaowaabudu. Hila hii ya utunzi inamaliza mapema swali linaloua kampeni nyingi za fantasia, yaani hadithi ndefu zinazochezwa kwa vikao vingi: kama miungu ni wakubwa hivyo, kwa nini wasije wenyewe kumpiga adui? Hawawezi, wamefungwa. Mwanadamu ndiye mwenye hiari, na kwa sababu hiyo mwanadamu ndiye mhusika mkuu.

Mapatano hayo yameingizwa kwenye hesabu. Kila mhusika ana sifa iitwayo POW, yaani nguvu ya roho yake. Anayetaka uchawi wa mungu hutoa sehemu ya POW moja kwa moja, pointi kwa pointi. Chukua mhusika mwenye POW 15 anayetoa 3 na kubaki na 12. Akiba yake ya pointi za uchawi, ambayo hulingana na POW, inashuka pia. Mchawi adui mwenye POW 15 aliyekuwa na nafasi ya asilimia 50 ya kumshinda kwa uchawi sasa ana asilimia 65, maana kila tofauti ya pointi moja huongeza au kupunguza asilimia 5. Kwa upande mwingine, nafasi ya kuipata POW upya ni 21 kutoa POW aliyonayo, mara 5: akiwa na 15 ni asilimia 30, akiwa na 12 ni asilimia 45. Yaani anayetoa hudhoofika leo, lakini njia ya kukua inazidi kufunguka. Mchezaji haambiwi kwamba sadaka ni jambo zito. Analiona mwenyewe anaposhika kifutio na kufuta namba kwenye karatasi yake.

Kisha kuna ombi la mwisho, pale mhusika anapomwita mungu wake aje amwokoe. Kwa kanuni za awali za RuneQuest, muumini wa kawaida hurusha dadu la mia, lenye namba 1 hadi 100. Akipata namba iliyo sawa na POW yake au chini yake, mungu anaitika, na namba hiyo hiyo iliyotokea ndiyo POW anayopoteza. Mwenye POW 15 ana asilimia 15 tu ya kusikilizwa. Akisikilizwa, wastani wa gharama ni pointi 8, zaidi ya nusu ya roho yake. Ikitokea 15 kamili, ameokolewa na amekwisha, roho imekwenda kwa mwenyewe.

Linganisha na kuhani wa Dungeons & Dragons wa toleo la tano, kanuni za 2014. Akifika ngazi ya 10 anaweza kuomba mungu aingilie kati: anarusha dadu la mia, na akipata 10 au chini, ombi limekubaliwa. Likikataliwa, anajaribu tena baada ya mapumziko ya usiku mmoja. Likikubaliwa, anasubiri siku saba. Hapotezi kitu. Asilimia 10 ya bure na asilimia 15 ya kulipia roho zinakaribiana kwenye karatasi, lakini mezani zinazaa tabia mbili tofauti kabisa. Kwenye meza ya ombi la bure mtu husema, "ngoja nijaribu, labda itatokea." Kwenye meza ya kulipia roho watu wote hunyamaza wakimtazama anayeshika dadu.

Wapinzani wa Glorantha wana hoja, tena nzito. Ya kwanza ni mzigo wa kusoma. Mwongozo mkuu wa dunia hiyo, uliotoka 2014, ni juzuu mbili zenye takribani kurasa 800, na kila chama cha ibada kina visa vyake, miiko yake na siku zake takatifu. Pointi za runi, yaani zile ambazo mhusika hupata kwa POW aliyoitoa, zikitumika hurudi kwa kushiriki ibada, kwa hiyo msimamizi, yule anayeongoza mchezo, akipuuza kalenda anavunja uchumi mzima wa mchezo. Mwaka una siku 294, yaani misimu mitano ya siku 56 na wiki mbili takatifu za kufungia mwaka. Wengi wanaoanza hufanya kosa lile lile: wanabana matukio kumi ndani ya wiki moja ya mchezo, pointi zinaisha katika pambano la pili, kisha wanalalamika kwamba uchawi wa miungu ni hafifu. Kanuni zinapendekeza safari moja kwa kila msimu, na pendekezo hilo si pambo.

Hoja ya pili ni kwamba hadithi hugeuka mchezo wa kukariri. Waumini wa Glorantha huingia katika ulimwengu wa visa na kurudia safari ya mungu wao hatua kwa hatua. Anayetembea kama Orlanth lazima achague alivyochagua Orlanth. King of Dragon Pass, mchezo wa kompyuta wa 1999 unaofanyika katika dunia hii, unalionyesha wazi: ukoo unaoanza safari bila kukijua kisa vizuri huchagua vibaya na hurudi umejeruhiwa, ukirudi. Wapo wanaouliza, sasa hiari ya mchezaji iko wapi?

Hapa wakosoaji wanakosea kidogo, nadhani. Kujua kwamba mungu yupo hakumalizi ubishi, kunauhamishia mahali pengine. Watu wa Orlanth wanasimulia kwamba alimuua dhalimu. Watu wa Yelm wanasimulia kwamba mwasi alimuua mfalme halali na kuiletea dunia giza. Kisa ni kimoja, pande zote mbili zina uchawi unaofanya kazi, na hakuna dadu linaloamua nani mwenye haki. Katika Enzi ya Pili walitokea wasomi walioamini visa vyote ni mashine moja inayoweza kufunguliwa na kufungwa upya. Wakabadilishana miungu wawili wa kike wa nafaka kati ya nchi mbili ili kuthibitisha nadharia yao, mazao yakaharibika, njaa ikafuata. Kundi la wachezaji linalobeba kisa kama hicho halikariri kitu, linajadili maadili kwa saa mbili bila kuchomoa upanga.

Upande wa Eberron. Kuna Majeshi ya Enzi, miungu tisa, na Sita wa Giza wanaowapinga, lakini hakuna hata mmoja anayetembea duniani. Kuhani hapati uchawi kwa sababu mungu amemsikia. Anaupata kwa sababu anaamini. Kanuni ya 2004 iliondoa sharti kwamba kuhani afanane kimaadili na mungu wake, hivyo kuhani fisadi anaendelea kuponya wagonjwa asubuhi na kula rushwa jioni. Kwa msimamizi anayependa siasa na upelelezi hii ni neema. Katika dunia ambamo mungu humnyang'anya mwovu uchawi wake, msaliti hekaluni hugunduliwa siku ya kwanza. Katika Eberron msaliti huyo anaweza kukaa madarakani miaka thelathini.

Kanisa la Moto wa Fedha ndilo linaloonyesha nguvu ya njia hii. Moto huo uliwaka pale mwanamke shujaa alipojitoa kulifunga pepo kuu, na pepo hilo bado limo humo humo. Waumini husikia sauti ya Moto ikiwaongoza kutenda mema, na sauti ya pili hunong'ona kutoka ndani yake. Kanisa hilo hilo liliwahi kuendesha msako wa watu wanaogeuka wanyama, tishio la kweli, na katika msako huo wasio na hatia wengi waliuawa. Mchezaji anayemwigiza kuhani wa Moto hawezi kujificha nyuma ya "mungu ameniambia." Nani amemwambia? Glorantha haina swali linalouma namna hiyo.

Tatizo la Eberron liko kwenye kanuni inazozitumia. Dungeons & Dragons ilijengwa kwa miungu wanaojibu, na miujiza mingi ya kuhani bado imebeba dhana hiyo. Akifika ngazi ya 9, kuhani hupata muujiza wa kuuliza maswali matatu ya ndiyo au hapana kwa mungu wake au mjumbe wake. Kama miungu wako kimya, anayejibu ni nani? Msimamizi asiyeliamua hili kabla ya kikao cha kwanza atabanwa katikati ya upelelezi. Mchezaji atauliza, "waziri ndiye muuaji?", na ama fumbo la vikao sita litakufa kwa neno moja, ama msimamizi atababaika na kuonekana anadanganya. Jibu linaloshika ni kwamba anayejibu ni roho mtumishi anayejua ya eneo lake tu na mwenye imani yake mwenyewe, lakini liandikwe mapema na wachezaji walijue. Kampeni inayoishia ngazi ya 8 haitaukuta muujiza huu wa maswali matatu.

Pia, imani isiyo na bei hupoa. Vikao vichache tu na kuhani anakuwa sanduku la huduma ya kwanza: anafunga majeraha, anasubiri zamu, na jina la mungu wake hakuna anayelikumbuka. Dawa haiko kwenye kanuni, iko kwenye watu. Hekalu lidai sehemu ya ngawira, askofu amtume mahali asipotaka kwenda, waumini wamtazame akila na nani. Kwa miungu walio kimya, gharama ya sala hulipwa kwa taasisi.

Ipo njia ya tatu, ya Forgotten Realms, dunia nyingine ya Dungeons & Dragons, na mimi naihesabu kama onyo. Huko miungu wanajibu na hawajafungwa na chochote ila mkubwa wao, Ao. Wanashuka, wanapigana, wanakufa, wanarithiwa. Shida ni kwamba vifo vyao vimefuata ratiba ya uchapishaji. Toleo la pili la kanuni lilipoondoa muuaji wa kukodiwa kama aina ya mhusika, wauaji wote wa dunia hiyo walikufa ghafla katika misukosuko ya miungu ya mwaka wao wa 1358. Toleo la nne lilipobadilisha uchawi, mungu wa uchawi aliuawa tena, mwaka 1385. Mchezaji aliyeyaona hayo mara mbili hawezi kumlilia mungu wa tatu.

Na mizimu? Hapa pande zote mbili zinajifunza kutoka Glorantha, maana huko mungu na roho si kitu kimoja. Mungu unakuwa wake. Roho mnapatana. Ugonjwa ni roho aliyemwingia mtu, na mganga anapambana naye POW kwa POW hadi mmoja ashindwe. Anaweza kumshinda na bado akarudi nyumbani amepungukiwa. Wanaomfuata Daka Fal, mwamuzi wa wafu, huita wahenga wa ukoo wenyewe, kwa majina. Msomaji aliyekulia palipo na mizimu ya ukoo haelezwi mara mbili kwa nini babu aliyeitwa anakuja na madai yake. Sehemu hii ya kanuni inaweza kuhamishiwa Eberron bila kuharibu kitu: miungu wanabaki kimya, wahenga wanaongea, na kwa kuwa wahenga hawajui yote na wana upendeleo, fumbo haliuawi.

Kwa kampeni ya vikao vinne hadi sita na wachezaji wapya, ningechukua Eberron bila kusita. Hakuna muda wa kufundisha kalenda wala kuona POW ikipotea na kurudi. Kwa meza itakayokaa pamoja mwaka mzima ningechukua Glorantha, ila si kwa kuanza na juzuu zile mbili. Chagua ukoo mmoja na vyama vitatu vya ibada, wape wachezaji kisa kimoja cha kila mungu kwenye nusu ukurasa, na weka siku takatifu kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani. Msimu wa kwanza usimruhusu mtu kuingia katika safari ya visa. Waache kwanza watoe sadaka, watumie walichopata, na waone kimechelewa kurudi.