Paa la mabua au la matete? Ubishi wa nyumba kongwe za Uingereza

Zile nyumba za kizamani za vijijini Uingereza, za fremu ya mbao na paa la nyasi, ukizichunguza zinafanana sana na nyumba zetu za udongo. Fremu ni ya mwaloni unaochongwa ukiwa bado mbichi, ulimi wa mti mmoja unaingia kwenye tundu la mwingine halafu kinapigwa kijiti cha mbao, hakuna msumari, mti ukikauka unajibana wenyewe. Katikati wanasuka fito wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, juu chokaa.

Ubishi uko kwenye paa. Sehemu nyingi za huko zilikuwa zinaezekwa kwa mabua ya ngano, matete yalikuwa ya kule yanakoota kama Norfolk. Siku hizi wenye nyumba wengi wanataka matete na siwalaumu, yakiezekwa vizuri yanafika miaka 30 hata zaidi, mabua mara nyingi 15 mpaka 25, na kuezeka upya ni hela nyingi jamani. Halafu mabua yenyewe shida, ngano za kisasa ni fupi na kombaini, mashine ya kisasa ya kuvunia, inayavunjavunja, lazima apatikane mkulima wa kupanda ngano ndefu za zamani na kuivuna kwa mashine za zamani. Ila matete nayo mengi yanaagizwa nje, mpaka Uturuki.

Maofisa wa uhifadhi wa majengo ya kale wanakataa mabua yabadilishwe kuwa matete, na nyumba ikishaorodheshwa kisheria kama jengo la kihistoria huwezi kubadili aina ya paa bila kibali. Watu wanaona ni usumbufu tu lakini sikilizeni hoja yao: paa la mabua huwa halifumuliwi lote, fundi anatoa tabaka la juu lililooza anaweka jipya, la chini linabaki. Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kuna mapaa ambayo tabaka la chini kabisa ni la miaka 500 na zaidi, bado lina masizi ya enzi moto unawashwa katikati ya nyumba bila bomba la moshi, kama majiko yetu ya kijijini, na ndani yake kuna masuke na magugu ya mashamba ya wakati ule. Ukihamia matete kwa kawaida unafumua mpaka kwenye fito, yote hayo yanaenda jalalani.

Kwangu mimi masizi yakiwepo mjadala umeisha, mabua yabaki na serikali imchangie mwenye nyumba. Lakini paa lililofumuliwa lote miaka ya nyuma, kumlazimisha mtu aezeke mabua kwa ajili ya sura tu naona ni kumuonea. Kuna wanaosema mabua yakikosa soko wakulima wataacha kupanda na mafundi wa mabua wataisha, ni kweli kabisa, ila mzigo huo ni wa nchi nzima, asibebeshwe mwenye nyumba peke yake.